Kondakta Asiyetoza Nauli

Mavyaa wangu aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka 14, na hadi leo ukimtajia muziki anao mzani mmoja tu wa kuupimia: taarabu ya zamani. Mengine yote ni kelele. Kwa hiyo nilipomwambia nimepata tiketi mbili za Jumba la Opera hapa Muscat, twende tukasikilize Okestra ya Kifalme ya Oman, alinitazama kama mtu anayemwuzia samaki wa juzi.

"Nani anaimba?"

"Haimbi mtu, Bi Mkubwa. Wanapiga tu."

"Wanapiga tu," akarudia huku anakunja mswala. "Haya. Tutakwenda tukawatazame hao wanaopiga tu."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimeolewa huku tangu 2003, na kwa miaka mingi nililijua jumba lile kwa nje tu, nikipita Shati al-Qurum: jiwe jeupe, matao, taa za jioni. Lilipofunguliwa, tarehe 12 Oktoba 2011, kwa opera ya Turandot na Plácido Domingo akiongoza, kazini kwetu watu walizungumza wiki nzima. Nilijisemea hayo ni ya wenye nacho. Kumbe tiketi za bei ninayoiweza zipo, ukikubali kukaa juu kabisa na kuona vichwa vya watu badala ya nyuso.

Na haya nayasema mimi, mtoto wa mpiga fidla! Nimezaliwa Kikwajuni, Unguja. Marehemu baba alikuwa karani bandarini mchana, na usiku mpigaji katika kilabu ya taarabu. Fidla yake ilikaa juu ya kabati, ndani ya sanduku ambalo kufuli lake lilikufa kabla sijazaliwa, likafungwa kwa mkanda wa suruali. Siku za mazoezi akinichukua. Nilichokipenda kuliko nyimbo zenyewe ni zile dakika kumi za kuoanisha vyombo. Watu wote wanamngojea mwenye akodioni. Akodioni haibembelezwi: udi utaukaza, ganuni utaikaza uzi kwa uzi mpaka uchoke, fidla utaizungusha kigingi, lakini akodioni imetoka kiwandani na sauti yake na itakufa nayo. Basi yeye anabonyeza kitufe kimoja, anavuta, na wenye nyuzi wote wanamfuata. Baba akiinamisha sikio hadi linagusa ubao.

Ndiyo maana usiku ule, pale juu, kitu cha kwanza kilichonishika koo hakikuwa muziki. Taa zilipungua, ukumbi wa watu 1,100 ukanyamaza, na chombo kimoja chembamba cheusi kikatoa sauti moja, ndefu, imenyooka kama uzi wa mshoni. Ile inaitwa obo. Ni ndugu wa mbali wa zumari yetu ya ngoma, maana nayo hupulizwa kwa ulimi wa matete mawili yaliyobanana. Inatoa nota iitwayo la, na okestra nzima inaifuata la ile. Sababu ni kama ya akodioni: mwenye obo hana nafasi kubwa ya kuipandisha au kuishusha, na sauti yake hupenya hata kama wenzake 70 wanakwaruza. Nikamgusa mavyaa, nikataka kumwambia. Yeye alikuwa anatazama ukutani nyuma ya wapigaji, kwenye kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na kampuni ya Klais ya Bonn, Ujerumani. Kina mabomba 4,542.

"Yale mapambo," akanong'ona, "au yanalia?"

"Yanalia, Bi Mkubwa, ila si leo."

"Basi israfu."

Sasa, hii okestra yenyewe. Sultan Qaboos alishika nchi tarehe 23 Julai 1970. Wazee wa huku hawachoki kukuhesabia: nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na barabara ya lami ya kama kilomita 10. Yeye alikuwa amesoma Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, akatumikia jeshi la Waingereza kule Ujerumani, na alikuwa na mapenzi makubwa na muziki wa aina hii. Mwaka 1985, miaka 15 tu baada ya zile skuli tatu, akaamuru iundwe okestra ya simfoni. Na sharti lake ndilo lililonifanya niandike makala hii: wapigaji wote wawe Waoman.

Angeweza kununua okestra. Nalisema bila kejeli, maana ndivyo inavyofanyika katika Ghuba. Qatar walipounda ya kwao mwaka 2007 walikwenda kusaili wapigaji Ulaya na katika miji mikuu ya Kiarabu, na wengi wao walikuwa wageni. Okestra ikasimama mara moja, tena nzuri. Huku walichukua watoto. Watoto ambao wengi wao hawajapata kuiona fidla, seuze kuishika, wakaletewa walimu kutoka nje, wakafundishwa nota pamoja na masomo yao ya kawaida. Tarehe 1 Julai 1987 wakapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika hoteli ya Al Bustan Palace.

Miaka miwili! Sikuwapo, na sitaki kuwavunjia heshima watu ambao leo ni baba na mama wa watu, lakini nimekaa nyumba moja na fidla na najua mtoto wa miaka miwili ya fidla anatoa sauti gani. Paka wa Kikwajuni wangenishuhudia. Fidla haina alama za vidole kama gitaa. Kidole kikikosea upana wa punje ya mchele, umeshaimba wimbo mwingine. Mkono wa kulia nao ni skuli nyingine kabisa. Baba akisema mkono wa kushoto ni wa kukariri na wa kulia ni wa tabia. Kwa hiyo nikifikiria usiku ule wa 1987, sifikirii ulikuwa mtamu kiasi gani. Namfikiria mtu mwenye uwezo wa kuleta okestra yoyote duniani, amekaa anawasikiliza watoto wa nchi yake wakikwaruza, na ameridhika kungoja.

(Mapenzi yake na vyombo, kwa taarifa yako, yalifika mbali. Nchi hii ina bendi ya wapigaji wa zumari za Kiskoti waliopanda ngamia. Mtu juu ya ngamia, mfuko wa upepo kwapani, ngamia anakwenda na mtu anapiga. Mara ya kwanza kuiona kwenye televisheni nilidhani kidhibiti kimechanganya stesheni mbili.)

Turudi ukumbini. Nilikuwa namfasiria mavyaa karatasi ya programu. Nikafika kwenye jina la mwongozaji, nikakosa neno la haraka, nikasema, "Huyu ndiye kondakta."

"Kondakta?" Kila tukienda likizo Unguja ameshapanda daladala za Amani za kutosha. "Nauli anatoza saa ngapi?"

Mama mmoja kiti cha mbele yetu, abaya nyeusi, mkoba wa thamani, akaangua kicheko. Muscat ndiyo hiyo. Usimsengenye mtu kwa Kiswahili ukidhani umejificha.

Kusema kweli swali la mavyaa halikuwa la kijinga. Katika taarabu hakuna anayesimama mbele akatupia watu mgongo kisha akapokea makofi bila kupiga chochote. Wapigaji wetu wanatazamana. Mwenye ganuni anainua nyusi, mwenye ngoma ya dumbak anaitikia, na watu 20 wanaingia pamoja kwa sababu wimbo wameuhifadhi kama Yasini. Hapa kuna watu mara tatu au nne ya hao, kila mmoja na karatasi yake, na karatasi ya mtu haioneshi wenzake wanafanya nini. Mwenye fidla ana mistari ya fidla tu. Mwenye tarumbeta ana hesabu za kimya: kaa kipimo 40, ingia. Karatasi yenye mambo yote iko mbele ya mtu mmoja, naye ndiye yule asiyetoza nauli. Nikatazama pinde za fidla: zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, kama makasia. Hilo nalo si bahati. Kiongozi wa fidla huamua mapema upinde uende juu au chini, na wenzake huandika kwa penseli kwenye nota zao. Baba angeona ajabu. Kwao kila mtu alikuwa na upinde wake na roho yake.

Wapo wanawake katika okestra ile, na si wachache. Mmoja wa selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, nilimkodolea macho karibu kipande kizima. Kila akimaliza mstari mrefu alikuwa anafuta kiganja gotini, haraka, kama mtu anayepika.

Nusu ya kwanza alikuwapo mpiga fidla mgeni, peke yake mbele, okestra ikimfuata nyuma. Hapo ndipo mavyaa alipoamka. Akasogea mbele ya kiti. Akaanza kutikisa kichwa. Yule kijana akapanda juu kabisa kwenye uzi mwembamba, akashuka kwa mkimbio mmoja, na nikasikia zipu. Namgeukia mavyaa, ameshafungua pochi. Ana noti ya riali tano mkononi, ameikunja kwa urefu kama inavyokunjwa, na mguu mmoja uko tayari kwenye ngazi.

"Bi Mkubwa!"

"Ananistahilia huyu."

"Huku hawatunzwi."

"Hawatunzwi?" Akanitazama mimi, akamtazama yule kijana anayetoka jasho pale chini, akaitazama noti. "Watu wa dhuluma hawa."

Akakaa. Lakini noti hakuirudisha ndani. Aliishika mpaka kijana amemaliza na kuinama mara tatu.

Nusu ya pili ilikuwa simfoni ya tano ya Beethoven, ile ambayo mwanzo wake hata asiyejua kitu ameusikia mahali. Ina sehemu nne, na adabu ya huko ni kutopiga makofi katikati. Nilisahau kumwonya. Sehemu ya kwanza ilipokwisha alipiga makofi, peke yake, makofi ya harusini, na mimi kwa aibu na kwa utiifu nikapiga naye. Ya pili ilipokwisha akajizuia, akajivunia. Ya tatu akawa anangoja imalizike, naye Beethoven hakuimaliza: muziki unazama mpaka ngoma tu inagongagonga chini chini, unapanda, na bila kupumua umeshaingia sehemu ya nne kwa kishindo. Hapo tarumbeta za kuvuta, ambazo zilikuwa zimekaa kimya tangu mwanzo wa simfoni, zikanyanyuka kwa mara ya kwanza.

"Ala," akasema mavyaa, kwa sauti. "Nilidhani hawa wamekuja kusindikiza."

Garini alikuwa kimya mpaka taa za Al Khuwair. Kisha akasema, "Ile ni taarabu ya ikulu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana ndivyo. Taarabu yenyewe ilianzaje? Inasimuliwa kwetu kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka mtu wake, Muhamed Ibrahim, Cairo akajifunze ganuni, akarudi kuwafundisha wengine wapige ikulu. Sultani anapenda muziki wa mbali, anatafuta walimu, anaamuru wenyeji wafundishwe. Ukibadilisha majina na mwaka, umeshasimulia habari ya 1985. Na taarabu ile ya mwanzo iliimbwa Kiarabu, kwa wageni wa Sultani, wakiwa wamekaa. Mtu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida, aliisikia kama nilivyokuwa naliona jumba la opera: kwa nje.

Kisha ikatoka. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, kilabu iliyo hai hadi leo. Akaja Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili, akaimba kesi za mahakamani na visa vya mtaani, na mwaka 1928 akavuka na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri. Hakuna aliyemwamuru. Mwaka 1964 ikulu ikaondoka pamoja na mwenyewe. Fidla zikabaki, na moja ikabaki juu ya kabati letu Kikwajuni.

Basi ndilo swali nililolala nalo. Okestra ya Muscat bado imo ndani ya ikulu. Jina lake ni la kifalme, kazi yake kubwa ni sherehe za taifa, wageni wa heshima, jukwaa lile la jiwe jeupe. Sultan Qaboos alifariki tarehe 10 Januari 2020 na okestra haikufa naye, na hilo si dogo. Mambo mengi ya mtu mmoja huzikwa na mtu mmoja. Lakini Siti wake hajatokea. Hajatokea mtu wa kuichukua simfoni na kuipeleka mtaani Mabela, uwanjani, kati ya mishikaki na watoto wenye mipira.

Wenzetu wa Kongo walianzia mlango wa pili kabisa. Okestra ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri aliyeanzisha kanisa la Wakimbangu. Hakukuwa na ikulu wala riali. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, zikapokezanwa kwa zamu. Uzi ukikatika, wakafunga waya wa breki ya baiskeli. Umeme ukizimika, waliohifadhi wakaendelea gizani. Leo wanapiga Beethoven hao hao wanaopigwa Shati al-Qurum. Mimi siwezi kusema njia ipi bora. Ninajua tu kwamba baba angelielewa lile la waya, kwa sababu Unguja ya miaka ya themanini uzi wa fidla uliagizwa kwa baharia na ukafika, ukifika, baada ya Ramadhani mbili.

Fidla ya baba iko kwangu sasa. Alipofariki, 2016, nilikuja nayo ndani ya nguo kwenye mkoba wa mkononi. Imekaa miaka 50 katika unyevu wa Unguja bila kulalamika. Muscat, miezi miwili ya kiyoyozi, ubao wa juu ukapasuka karibu na kitundu. Nikampelekea fundi mmoja, akaniambia ni kazi ndogo, akaibana kwa gundi nyeupe ya maseremala. Baadaye nikaambiwa fidla hubandikwa kwa gundi ya ngozi, ile ya kupasha moto, kwa makusudi isishike milele: ubao ukitaka kupasuka, bora gundi iachie kabla ya mti. Ile ya fundi wangu haitaachia hata Kiyama. Inalia bado, ila upande mmoja ina mafua.

Binti yangu ana miaka 12 na ameanza masomo. Siku ya kwanza mwalimu wake alifungua sanduku, akakwaruza nyuzi nne, akakunja uso. "Nani ameziweka hivi?" Baba alikuwa akizikaza kwa desturi ya Waarabu: sol, re, sol, re. Mwalimu akazipandisha zile mbili nyembamba hatua moja moja, zikawa sol, re, la, mi, kama za dunia nzima ya nota, na binti yangu akaanza nazo hivyo. Sikusema kitu. Nilikaa pembeni nikasikia vigingi vikilia.

Ijumaa iliyopita mavyaa alikuja kula, akamkuta mtoto anafanya mazoezi. Akasikiliza mizani ya nota ikipanda na kushuka kwa robo saa, uvumilivu ambao mimi mkwewe sijapata kuonyeshwa. Kisha akamwuliza kama anajua kitu chochote cha kwao. Mtoto akanitazama. Kipo kimoja, kipande kifupi cha utangulizi ambacho baba alikuwa akikipiga kila akishusha fidla kabatini, na nilimfundisha kwa mdomo. Lakini hakiendi kwenye la na mi, vidole vinagombana.

Basi akashusha. Alipaka chaki kigingini ili kisiteleze, akazungusha la polepole mpaka ikawa sol, akazungusha mi ikapitiliza, akairudisha juu kidogo, akasikiliza sikio likiwa limegusa ubao. Hakuna aliyemfundisha hilo la sikio. Akapiga. Alikosea mara mbili, na ile mafua ya fundi ilisikika kila akifika uzi wa tatu.

Nikasikia zipu.

Mavyaa aliinuka, akaenda kwa mwendo ule wenyewe wa kutunza, bega mbele, noti imekunjwa kwa urefu, akamchomekea mjukuu wake kwenye ukingo wa mtandio. Mtoto akaitoa, akaikunjua.

"Bibi, baisa mia tano? Yule wa opera ulitaka kumpa riali tano."

"Yule alipanda juu," akasema mavyaa. "Wewe panda kwanza."